Nyimbo Nisizojua Zinaishaje

Mpaka leo zipo nyimbo nisizojua zinaishaje. Sijazisahau, mwisho wake sikuwahi kuusikia. Betri za redio ya baba zilikuwa zikifa kabla ya wimbo kwisha.

Redio ilikuwa National. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichofuma mama, na ilikula betri nne kubwa. Baba alikuwa karani bandarini Tanga, na betri alizinunua kwa hesabu ileile aliyonunulia mafuta ya taa. Zikianza kuchoka, sauti ya mtangazaji ilididimia ikawa kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Hapo zilitolewa, zikapangwa juu ya bati la banda la kuku, zikaanikwa kutwa nzima kama papa wa kukaushwa. Kazi ya kuzianika na kuzilinda na watoto wa jirani ilikuwa yangu. Jioni zikirudishwa zilikuwa zimepata uhai wa robo saa, ukijaliwa nusu saa. Uhai huo ulikuwa wa taarifa ya habari na Mazungumzo Baada ya Habari. Muziki uliambulia makombo.

Nasema habari za mwaka 1969 na 1970, Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Nilikuwa na miaka 11, 12 hivi. Tanzania Bara nzima ilikuwa na stesheni moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na televisheni tulikuja kuipata mwaka 1994, wakati mimi mwenyewe nina watoto wa kuwakataza kuiangalia. Mtu akikwambia kuna wimbo mpya, maana yake RTD wameupiga. Na kama siku hiyo betri zenu zilikuwa juu ya bati, basi ulikaa kizingitini kwa jirani, ukasikia kinachosikika.

Sasa wimbo wa dansi wa wakati ule ulijengwa kama nyumba ya Kiswahili: una sebule na una uani. Sebuleni ndimo mlimo na maneno. Mwimbaji anakukaribisha, anakueleza kisa chake bila haraka: mpenzi aliyehama, rafiki aliyemgeuka, mshahara uliokwisha tarehe tano. Maneno yakitosha, wote wanahamia uani, na huko ndiko kwenye chemko. Gitaa la solo linapanda, besi linakoroga chini, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, na ukumbini ndipo wachezaji wanapofungua vifungo vya mashati. Hata santuri zilifuata mpango huo. Kwenye zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mrefu ulikatwa katikati: maneno upande wa kwanza, chemko upande wa pili.

Betri zetu zilikuwa zikiishia sebuleni.

Chemko nililipata kwa njia nyingine. Barabara mbili kutoka kwetu palikuwa na ukumbi, na Jumamosi bendi ilipiga pale hadi usiku wa manane. Tanga ilikuwa na bendi zake za kujivunia, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na vijana wa mtaani waligawanyika kwazo kama walivyogawanyika kwa timu za mpira. Kila bendi nchini ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Atomic walikuwa na kiweke, NUTA Jazz wana msondo, Western Jazz saboso, Tabora Jazz segere matata. Kijana akikuuliza unacheza nini, ulijibu kwa jina la mtindo, naye akajua moyo wako uko kwa nani.

Mtoto wa kike wa nyumba yetu hakuwa na ruhusa hata ya kupita mbele ya ukumbi ule. Lakini upepo hauombi ruhusa. Nililala karibu na dirisha, na usiku pepo zikigeuka, muziki ulifika. Haukufika wote. Maneno hayasafiri, sauti ya mtu inafia kwenye kuta na kwenye miembe. Kinachofika ni ngoma, besi na tarumbeta. Kwa hiyo redio ilinipa sebule, upepo ukanipa uani, na mimi kitandani nikawa fundi wa kuziunganisha. Nyingine nilizikosea vibaya. Kwa miaka mingi wimbo mmoja wa NUTA ulikuwa kichwani mwangu na chemko la Atomic, na nilipokuja kuusikia wote ulivyo nilitaka kuwaambia wenyewe kwamba wamekosea.

Shule yangu ya pili ilikuwa Bibi mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, na kila palipokuwa na arusi yenye taarabu, mimi ndiye niliyembebea mkoba. Miaka ile Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, nao walikuwa wamefanya jambo ambalo wapenzi wa taarabu ya Unguja, iliyozoea fidla nyingi, nai na ganuni, walilitazama kwa jicho la pembeni. Walipunguza watu jukwaani, wakaingiza gitaa la umeme na besi, na mapigo yakachukua ladha ya dansi. Mtindo ule ulikwenda hadi Mombasa. Sauti iliyoubeba kuliko zote ilikuwa ya Shakila Saidi. Haikuwa sauti ya kupiga kelele. Ilikuwa kama ya mtu anayekusengenya huku anakupepea.

Arusi moja namkumbuka mwanamke aliyeinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji. Hakwenda moja kwa moja. Alizunguka ukumbi taratibu, kanga ya pili mabegani, akasimama kidogo, akaendelea, na noti akaiachia beti moja ilipofika pale alipokuwa anapangojea. Bibi alinifinya.

"Umeona?"

"Nimeona anatunza."

"Anamtunza nani?"

"Mwimbaji."

"Mwimbaji amepata pesa. Neno limekwenda kwa yule aliyekaa kwenye mkeka wa kijani. Tazama anavyojipepea."

Nikatazama. Mwanamke wa mkeka wa kijani alikuwa anajipepea kama aliyeketi jikoni.

"Usisikilize wimbo unasema nini, mwanangu," Bibi akasema. "Sikiliza unamwambia nani."

Nimesoma vitabu vingi vya uhakiki tangu siku hiyo, na vingine nimelazimika kuvifundisha. Sikukuta ndani yake somo lililonifaa zaidi ya lile.

Sinema nayo niliijua kwa mkono wa Bibi. Mjini, upande wa pili wa reli, palikuwa na majumba matatu: Majestic, Regal na Novelty. Wanawake wa nyumba kama zetu hawakwenda usiku. Walikwenda mchana, onyesho la wanawake peke yao, na siku ya onyesho hilo mlango wa sinema uligeuka mto wa mabuibui. Ndani mlinukia udi na asumini. Watu walikula bisi na kashata, walinyonyesha, waliliana mabegani. Tulizoea kusema tunakwenda kuangalia picha, na picha kwetu ilikuwa ya Kihindi. Lugha hatukuijua. Nyuma yetu alikaa mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka la nguo, ambaye kila palipokuwa na maneno mazito alitutafsiria kwa Kiswahili chake cha dukani, akiwalaumu wahusika kwa hasira kana kwamba wana deni lake. Nyimbo hazikuhitaji tafsiri. Tuliondoka nazo mdomoni, na baada ya miezi kadhaa ungezikuta kwenye taarabu, zimevishwa maneno ya Kiswahili, zimekuwa zetu.

Mwaka 1970 tulikwenda kuona *Mother India*. Picha hiyo ilikuwa ya mwaka 1957, imetengenezwa na Mehboob Khan, lakini kwetu ilikuwa ikirudi kila baada ya muda kama msimu wa maembe, na kila ikirudi watu walijaa. Nargis ndiye mama, anaitwa Radha. Mumewe anapoteza mikono yote miwili kazini, kisha anaondoka kwa aibu na harudi. Mama anabaki na watoto, shamba la mawe, na mkopeshaji ambaye deni lake haliishi. Bangili zake za dhahabu zinakwenda kwa mkopeshaji huyo. Mtoto wake mdogo, Birju, anakua na kitu kimoja kichwani: bangili za mama zirudi. Hasira inamla mpaka anaingia porini na kuwa jambazi.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Kwa watoto wa sinema sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Nilichokuwa sijui ni nani stelingi, mama au mwana. Nikiwa katikati ya mawazo hayo, Bibi alinishika mkono.

"Inuka. Jua linazama."

Onyesho lilikuwa limeanza saa tisa unusu. Picha yenyewe ni karibu saa tatu, na katikati kuna mapumziko ya watu kunyoosha miguu. Sharti la Bibi lilikuwa tuwe tumevuka reli kabla ya adhana ya Magharibi. Tukapita kwenye magoti ya watu, nikigeuka nyuma kila hatua, mpaka pazia la mlangoni likanifunika uso.

Njiani sikusema. Tulipofika kwake, akawasha taa, akaweka chungu jikoni, ndipo akanimalizia picha. Alisimulia akiwa amenipa mgongo.

"Yule mtoto alirudi," alisema. "Alirudi usiku, kakonda, nguo zimemchakaa. Bangili anazo, kazifunga kwenye kitambaa. Akaziweka chini mbele ya mama yake, hasemi. Na mama naye hakusema. Akamtazama, akamwambia, 'Nawa, ule.' Basi, imekwisha."

Nilimwomba anisimulie mwisho ule mara nyingi baada ya hapo. Haukubadilika hata neno.

Hapa lazima nitaje jambo la nyumbani. Mjomba wangu, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, alikuwa ameondoka kwenda Mombasa mwaka nilioanza darasa la kwanza. Asubuhi ile, sanduku la Bibi lilikutwa wazi, na bangili zake sita za dhahabu hazimo. Hakuna aliyelisema mbele ya watoto. Lakini nyumba za Ngamiani kuta zake hazifiki kwenye paa, na mtoto anayelala macho wazi akisubiri chemko anasikia na mengine.

Vitabu vilikuja mwisho, na nilipovipata nikavikuta navyo havina ukamilifu. Maktaba ya mkoa, ile iliyojengwa enzi za Mwingereza kwa jina la Mfalme George wa Sita, ilikuwa na rafu ya Kiswahili ambayo kwa mwaka mmoja nilikuwa nimeimaliza. Shaaban Robert alikuwa wetu. Alizaliwa Vibambani, akazikwa Machui, na wazee waliomfahamu walikuwa bado wanapanda baiskeli mjini. Walimu walitupa *Kusadikika* na *Adili na Nduguze*. Mimi nilikwenda kwenye *Wasifu wa Siti Binti Saad*, kwa sababu jina hilo nilikuwa nalijua kwa Bibi. Siti alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wakati ambao mwanamke wa Kiswahili kuimba hadharani kulikuwa habari ya kunong'onezana. Bibi, msichana wakati huo, alizisikia santuri hizo zikipigwa kwenye baraza la duka, na alizisikiliza akijifanya anachagua dengu.

Bibi alisoma Kurani vizuri, lakini maandishi ya Kizungu hakuyajua. Kwa hiyo nilimsomea. Alisikiliza kitabu kizima kwa jioni nne, mkono shavuni, na mwisho akatoa hukumu yake.

"Bwana huyu anajua kusifu. Lakini mtu akisifiwa hivi, kuna jambo halijasemwa."

"Jambo gani, Bibi?"

"Ningelijua ningekwambia? Litafute."

Nilipokuwa sekondari, mwaka 1974, kulikuwa na kitabu kinachopita mkono kwa mkono bwenini kimevalishwa gazeti la *Uhuru* na juu yake kimeandikwa Jiografia. Kilikuwa *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, amemlea kwa fimbo na kumkataza kila mvulana, na alipotoka mikononi mwake, dunia ikampokea bila silaha. Nilisoma kwa tochi, na betri za tochi nazo nilikuwa nikizianika. Nilikuwa nimefika Rosa alipo chuo cha ualimu Morogoro. Usiku mmoja mwalimu wa zamu aliingia, akafunua gazeti, akanitazama kama aliyenikuta na gongo. Kitabu kikaenda, na mimi nikalima bustani ya shule wiki mbili. Jina la mwalimu huyo nalihifadhi.

Hapo nikafanya kile nilichokuwa nimezoea kufanya. Nilimaliza mwenyewe. Kwa miaka mitatu Rosa alikuwa hai kichwani mwangu. Nilimwoza kwa mpenzi wake Charles, nikampa shule ya kuongoza huko kwao ziwani, nikampatanisha na mama yake. Mwaka 1977 nilijiunga na chuo cha ualimu, na mwenzangu mmoja alikuwa na nakala kamili. Nikasoma kurasa zilizobaki nimesimama. Charles anamkataa. Rosa anajiua. Niliuchukia uandishi wa Kezilahabi kwa muhula mzima. Baadaye nikaona kwamba nilichokuwa nimemwandikia Rosa ni kile nilichotaka mimi, na alichokiandika Kezilahabi kilikuwa kinaambiwa mtu. Zakaria ndiye aliyekaa kwenye mkeka wa kijani.

Januari 1979 nilikuwa mwalimu mpya wilayani Korogwe, ninaishi chumba kimoja, na nimenunua redio kwa fedha zangu. Vita na Idi Amin vilikuwa vimepamba moto, na redio ilikuwa haizimwi. Katikati ya habari za vita ikaja habari ya Mbaraka Mwinshehe. Amekufa kwa ajali ya gari Mombasa. Alikuwa hajafika miaka 35. Huyu ndiye aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano, na mwisho akawa anapiga na kurekodi Kenya. Kutoka Tanga, Mombasa ni mwendo wa saa chache tu. Lakini mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na Mombasa ilikuwa mbali kama Osaka. Nilimfikiria Mbaraka, nikamfikiria na mjomba.

Usiku ule redio ilipiga nyimbo zake. Nilitoa betri kwenye redio, zilikuwa bado nzima, nikatia mpya. Nikazima taa. Mbaraka aliimba, akamaliza maneno, na kwa mara ya kwanza maishani nikavuka naye kizingiti. Gitaa lake lilianza kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akiupata anafungua mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo kuna mwingine. Nilikuwa na miaka 20 na niliyajua maneno ya wimbo ule tangu nina 14. Sikuwa najua kwamba nusu yake ya pili ndiyo iliyokuwa inalia.

Mwaka 1984 mume wangu alinipeleka ukumbi wa DDC Kariakoo, Dar es Salaam, kuwasikiliza Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alikuwa bado pale, mwaka mmoja kabla hajahamia bendi ya Safari Sound. Niliona kwa macho kile ambacho upepo ulikuwa ukiniletea bila nyuso. Kilichonishangaza ni kwamba waliokuwa wanapiga chemko lile zito walikuwa wametulia. Mpiga tarumbeta alifuta jasho kwa leso, akapiga maneno mawili na mwenzake, akarudisha tarumbeta mdomoni na kuwasha moto. Sikucheza. Nilikaa kimya mpaka mume wangu akauliza kama naumwa.

Mwaka huohuo mjomba alirudi. Mpaka ulikuwa umefunguliwa Novemba 1983, na miezi michache baadaye alishuka kwenye basi la Horohoro na mfuko mmoja wa plastiki. Nilikuwepo kwa Bibi siku hiyo, likizo. Alikuwa mzee kuliko umri wake. Alisimama mlangoni, mikono mitupu, akasema shikamoo mama, kisha hakuwa na neno la pili. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama. Alimtazama kitambo.

"Nawa, ule," alisema.

Alikaa wiki mbili, akarudi Mombasa. Bangili hazikutajwa, si wakati ule wala baadaye. Bibi alifariki mwaka 1988.

Mwaka 1996 nilikuwa Dar es Salaam kwa mama mdogo, na wajukuu zake walikuwa na deki. Miongoni mwa mikanda niliona *Mother India*. Nikawaambia waweke. Nilitaka kuona Birju anavyoziweka bangili chini.

Wanaoijua picha wanajua nilichokiona. Birju anarudi kijijini, ndiyo, lakini hakurudi kwa mama. Anamuua mkopeshaji, anamteka binti yake siku ya harusi, anamtia juu ya farasi. Mama anasimama njiani na bunduki. Anamwonya. Birju haamini kwamba mama anaweza, na mama anaweza. Anampiga risasi mwanawe, kisha anamkumbatia. Hakuna kitambaa, hakuna chakula.

Nilimgeukia mama mdogo. "Bibi hakuwahi kuuona mwisho huu. Tulitoka kabla."

Mama mdogo alicheka. "Mama? Mama aliiona picha hiyo mara tatu mpaka jina la mwisho. Mimi na yeye, kabla wewe hujaanza shule. Tena alilia mpaka wakamletea maji."

Niliomba mkanda urudishwe nyuma. Watoto wakadhani nimependa bunduki.

Nimefundisha Kiswahili miaka 38. *Rosa Mistika* ilipofunguliwa mlango, ikaingia madarasani, nami niliifundisha, tena mara nyingi. Kila mwaka nilifanya jambo moja ambalo halimo katika muhtasari. Tukibakiza sura za mwisho nilikusanya vitabu vyote, nikavifungia kabatini, nikawaambia waende mabwenini wammalizie Rosa. Wiki iliyofuata nilirudisha vitabu, wakasoma alichokiandika mwenyewe. Kila mwaka alikuwepo wa kumwoza. Kila mwaka alikuwepo wa kumpeleka nyumbani kwa mama yake usiku. Sikumkosoa hata mmoja, nilimwuliza tu: ulikuwa unamwambia nani? Wengine walicheka. Msichana mmoja alitoka nje ya darasa, na nilimwacha atoke.

Watu huulizana wanapenda muziki gani na vitabu gani kana kwamba kila mmoja alikwenda sokoni na kapu. Mimi sikwenda sokoni. Nilipewa kilichovuka ukuta, kilichobaki kwenye betri, kilichosalia baada ya mwalimu wa zamu kupita. Nimekuja kusikia nyimbo nyingi zile tangu mwanzo hadi mwisho. Mjukuu wangu ananitafutia kwenye simu, na simu haianikwi. Nyingine nimemkataza asizitafute. Zimekaa na machemko niliyozipa mwenyewe miaka 50 sasa, na zimezoeana.

Juzi mjukuu huyo, ana miaka 12, aliniuliza ni picha gani iliyonishinda zote. Nikamsimulia *Mother India*: shamba la mawe, mkopeshaji, bangili, Birju kuingia porini. Nilisimulia huku nakuna nazi, nimempa mgongo. Nilipofika mwisho nilimwambia mtoto yule alirudi usiku, kakonda, bangili kazifunga kwenye kitambaa, na mama yake akamwambia anawe, ale.

Mwisho wa kweli ataujua mwenyewe. Simu anayo.